Hampi: Magofu na Watu Waliokuwa Wakiishi Ndani Yake

Anayefika Hampi, katika jimbo la Karnataka kusini mwa India, huona barabara pana iliyonyooka kutoka lango la hekalu la Virupaksha, na kandokando yake safu za mabaraza ya mawe yenye nguzo. Hapo palikuwa soko la Vijayanagara, mji mkuu wa dola iliyoanzishwa mwaka 1336, mji ulioporwa na kuachwa magofu baada ya vita vya Talikota mwaka 1565. Katika miongo ya karibuni familia zilihamia katika mabaraza hayo, zikauza vyakula na nguo na kuwakodishia wasafiri vyumba, hadi Julai 2011 matingatinga ya serikali yalipobomoa makazi yao.

Hoja ya waliobomoa ina uzito. Hampi ni Urithi wa Dunia tangu 1986, na kati ya 1999 na 2006 UNESCO iliiweka katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, hasa kwa sababu ya daraja lililokuwa likijengwa kuvuka mto Tungabhadra. Nguzo za kale zilikuwa zimezibwa kwa kuta za matofali, na mchongo ukishaharibika hakuna fundi wa kuurudisha. Hata mgeni mwenye nia njema huharibu: katika hekalu la Vittala, lenye gari la mawe linaloonekana kwenye noti ya rupia 50, ilibidi watu wakatazwe kugonga nguzo zinazotoa sauti kama ala za muziki. Katazo hilo naliunga mkono bila kusita.

Soko, hata hivyo, ni jambo jingine, kwa kuwa lilijengwa ili watu wauziane bidhaa humo, tena mbele ya hekalu ambalo mpaka leo lina makuhani na waumini wake. Kuta za matofali zingeweza kuondolewa na wachuuzi wakabaki chini ya masharti, badala ya kung'olewa kwa haraka iliyowaumiza. Isitoshe, mkazi ni mlinzi pia. Mwaka 2019 ilisambaa video ya vijana wakiangusha nguzo katika sehemu ya Hampi isiyo na wakazi; mahakama iliwatoza faini na kuwaamuru wazisimamishe upya. Kila mwaka gari la mbao la sherehe za hekalu la Virupaksha bado huvutwa kwa kamba katika barabara ileile, katikati ya umati, likipita mbele ya mabaraza yaliyohamwa.