Mtoto Akiuliza Kitabu Kinaandikwaje, Apewe Jibu Kamili

Watoto wakikutana na mwandishi wa vitabu vyao, maswali ni yaleyale. Mawazo unayatoa wapi? Ulitumia muda gani? Picha ulichora wewe? Unapata pesa nyingi? Kwa nini yule mbwa alikufa? Na wengi wetu tunaowaandikia tumezoea kuwarudishia maneno matamu: mawazo yako kila mahali, soma kwa bidii, fuata ndoto zako. Naona tunawapunja. Mtoto wa miaka tisa anayeuliza kitabu kinaandikwaje ni sawa na mtoto aliyesimama mlangoni kwa seremala: anataka kuona randa inavyopita kwenye ubao. Aonyeshwe.

Swali la mawazo ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo tunalolijibu vibaya kuliko yote. Ukimwambia mawazo yako kila mahali, ataangaza macho kila mahali asione kitu. Mwambie hivi: wazo la hadithi ni vitu viwili vinavyogongana, yaani mtu anayetaka jambo fulani, na kinachomzuia asilipate. Ufunguo uliookotwa njiani bado si hadithi. Lakini msichana ameokota ufunguo, anamjua mwenyewe, na jana waligombana wakaapa kutosemeshana tena. Hapo pana hadithi, kwa sababu sasa lazima aamue.

Kisha mpe zoezi la kwenda nalo nyumbani. Achukue karatasi, apige mistari kupata safu tatu. Safu ya kwanza aandike watu au wanyama watano, ya pili mambo matano ambayo mtu anaweza kuyataka sana, ya tatu vizuizi vitano. Akichukua kimoja kutoka kila safu, ana mchanganyiko wa aina 125 kwenye karatasi moja. Nyingi zitakuwa hazina ladha, na ni vizuri aambiwe mapema, asije akadhani kipaji kimemkosa. Abaki na ile inayomfanya ajiulize, "Halafu ikawaje?"

Kosa linalofuata baada ya hapo linajulikana: kizuizi kinaondoka chenyewe. Mhusika anaamka, kumbe ilikuwa ndoto. Au mtu mzima anatokea mwishoni na kumaliza kila kitu. Usimwambie tu kwamba hairuhusiwi, mpe sababu. Msomaji amefuatana na mhusika kurasa zote akingoja kuona atafanya nini, na mhusika hakufanya lolote. Anajiona amedanganywa, na ana haki.

Kuhusu muda, ukweli huwashangaza. Hadithi ya kitabu cha picha mara nyingi haifiki maneno 600, na rasimu ya kwanza inaweza kumalizika kwa siku moja. Kuirekebisha ndiko kunakokula miezi. Ukijumlisha uhariri, uchoraji, upangaji wa kurasa na uchapaji, miaka miwili kutoka muswada hadi kitabu dukani ni jambo la kawaida. Mtoto akiuliza "mnarekebisha nini muda wote huo?", usimwambie "tunaboresha". Mwandikie sentensi mbili ubaoni:

"Asha alikuwa na huzuni sana."

"Asha alisukuma sahani yake, akawaacha wenzake wanakula."

Muulize ni ipi iliyomwonyesha kitu. Kisha muulize neno "huzuni" limekwenda wapi katika ile ya pili, na kwa nini halikuhitajika. Hiyo ndiyo kazi ya marekebisho, na mtoto wa darasa la tatu huielewa papo hapo. Tena ongeza hili: kwenye kitabu cha picha, hata ile sahani inaweza kufutwa kwenye maandishi, kwa kuwa mchoraji ataichora. Maneno yanayorudia kilichopo kwenye picha ndiyo ya kwanza kukatwa.

Swali ninalolipenda ni lile la wale wachache wanaohesabu: kwa nini vitabu vingi vya picha vina kurasa 32? Jibu lake linashikika mkononi. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa, pande zote mbili, halafu karatasi hiyo hukunjwa. Ikikunjwa mara moja inatoa kurasa 4, mara mbili kurasa 8, mara tatu 16, mara nne 32. Kwa hiyo huwezi kuamka ukasema kitabu changu kiwe na kurasa 33. Huo mmoja wa ziada ungedai karatasi nyingine. Watoto wenyewe wanaweza kukitengeneza: karatasi 8 za kawaida, zipangwe pamoja, zikunjwe katikati, zipigwe pini mbili kwenye mkunjo. Wakihesabu watapata 32. Ondoa ukurasa wa jina la kitabu na ule wa hakimiliki na nyinginezo za mbele, hadithi inabaki na jozi kama 12 hadi 14 za kurasa zinazotazamana. Maneno 500 yakigawanywa humo ni kama 40 kwa kila jozi, na mara moja mtoto anaona kwa nini hatuna nafasi ya kueleza hali ya hewa.

Kijitabu hicho kinafundisha na jambo jingine. Ukurasa wa kulia ndio unaogeuzwa, kwa hiyo swali likae pale na jibu lijifiche nyuma yake. Ukiweka mlango unaogongwa upande wa kushoto na simba aliyeugonga upande wa kulia, jicho limeshamwona simba kabla mdomo haujafika. Na katikati, pale kwenye mkunjo, pasikae uso wa mtu, kwani kitabu kikishonwa, pua inamezwa.

Picha, kwa kawaida, huchorwa na mtu mwingine anayechaguliwa na mchapishaji, na mara nyingi mwandishi na mchoraji hawakutani kabla kitabu hakijatoka. Watoto husikitika wakisikia hivyo. Waelezwe kwamba mchoraji naye ni msimuliaji, na anahitaji nafasi ya kuweka yake.

Swali la pesa tusilikwepe kwa kicheko. Ni hesabu tu. Tuseme mrabaha, yaani malipo ya waliotunga kitabu kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10 ya bei, na mwandishi anagawana nusu kwa nusu na mchoraji. Zikiuzwa nakala 100, mwandishi anapata bei ya nakala 5. Tano nyingine ni za mchoraji, na zilizobaki zinalipa duka, uchapaji, uhariri na usafirishaji. Na kama alipewa malipo ya awali, hapati mrabaha mpaka mauzo yayafidie. Ndiyo maana waandishi wengi wana kazi nyingine. Kumficha mtoto haya hakumlindi na chochote.

Na mbwa aliyekufa? Hapo usijitetee kwa somo la maisha. Muulize mtoto hadithi ingebadilikaje mbwa angepona, na umsikilize mpaka amalize. Pengine atagundua kwamba safari yote iliyofuata isingekuwepo. Pengine atakuonyesha njia ambayo hukuiona, na ikiwa ni hivyo, mwambie.

Lipo swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, wenzake wakishatoka: "Na mimi naweza?" Jibu lake ni hatua za kufuata. Amalize hadithi moja, hata ikiwa fupi na mbaya, kwa maana isiyo na mwisho hairekebishiki. Aifungie wiki moja bila kuigusa. Aisome kwa sauti, na kila ulimi unapojikwaa apige mstari. Kisha ampe mtu asiyeijua, na asimuulize "Ni nzuri?", maana ataambiwa ndiyo. Amuulize, "Ni wapi ulitaka kuacha kusoma?" Akionyeshwa, aweke alama palepale, na asianze kueleza alichokuwa anamaanisha.