Mgonjwa Atamezaje?

Nimeona tena tangazo la hospitali inayojivunia roboti ya kupasua saratani za koo. Mikono ya chuma inang'aa, madaktari wanatabasamu. Kuhusu mgonjwa atamezaje baada ya hapo, hakuna hata mstari mmoja. Limenikera sana.

Mashine yenyewe si ya kubezwa, nakubali. Zamani, kuufikia uvimbe ulio kwenye shina la ulimi mara nyingi kulimaanisha kupasua mdomo na kukata taya. Leo mikono myembamba ya da Vinci, roboti ya upasuaji, hupitia kinywani, na daktari aliyeketi pembeni ndiye anayeiongoza. Marekani iliruhusu matumizi hayo mwaka 2009.

Lakini koo ndilo tunalomezea na kuongelea. Nina ndugu aliyetibiwa saratani ya tonsili. Faili lake linasema amepona, na sote tulimpongeza. Chakula kikiandaliwa huinuka akaenda chumbani, maana kila tonge humpalia na hataki kutazamwa akikohoa. Huko nako ni kupona?

Ndiyo maana matokeo ya jaribio la ORATOR, yaliyochapishwa 2019, yalinigusa. Wagonjwa 68 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata mionzi, wengine upasuaji wa roboti. Waliotetea roboti walitarajia ingelinda uwezo wa kumeza. Baada ya mwaka, alama za kumeza zilikuwa bora kidogo kwa waliopata mionzi, ingawa tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kubadili maisha ya mgonjwa. Mmoja wa waliopasuliwa alifariki kwa kuvuja damu. ORATOR2, lililofuata, lilifungwa mapema baada ya vifo viwili upande huohuo wa upasuaji.

Sisemi roboti itupwe. Kwa uvimbe mdogo, mikononi mwa daktari aliyebobea, upasuaji unaweza kumpunguzia mgonjwa mionzi au kumwepusha na tibakemikali. Na wengi wanaopata saratani za koo zitokanazo na virusi vya HPV ni watu wa makamo, wenye miaka mingi mbele ya kula na kuzungumza na watoto wao. Hao wana haki ya kuketi na daktari wa upasuaji, wa mionzi na mtaalamu wa kumeza kabla ya kutia saini, wakauliza: hata nikipasuliwa, bado nitapigwa mionzi? Lini nitakula bila mpira wa kulishia? Nikianza kuvuja damu usiku wa manane, nani yuko zamu?