TT ni simu, jamani

Mwaka jana nilimsindikiza shemeji yangu benki kulipia vigae alivyoagiza Foshan, China. Kwenye ankara muuzaji alikuwa ameandika masharti kwa mstari mmoja: T/T 30%, iliyobaki kabla ya kupakia. Shemeji ameuza vifaa vya ujenzi Kariakoo miaka mingi, na "nimetuma TT" kwake ni sawa na kusema nimekunywa chai. Nikamuuliza TT ni nini.

"TT ni TT, shemeji."

Nikamuuliza dada wa dirishani. Akasema ni njia ya kutuma dola nje. Sawa, lakini kirefu chake? Akamgeukia mwenzake, mwenzake akaitazama kompyuta.

Ni telegraphic transfer, yaani fedha zinazohamishwa kwa telegramu. Enzi zake hakuna noti hata moja iliyosafiri. Benki ya huku ilikata fedha kwenye akaunti yako, ikapeleka telegramu kwa benki shirika ya kule: mlipe fulani kiasi fulani. Kila neno lilitozwa, kwa hiyo mabenki yalikuwa na vitabu vya maneno ya mkato. Na ili mhuni asiamrishe malipo kwa telegramu ya uongo, ujumbe ulibeba namba ya siri iliyokokotolewa kutokana na vitu kama kiasi, tarehe na aina ya fedha. Karani wa upande wa pili akipiga hesabu na isikubali, halipi. Ukitazama vizuri, ni hawala ile ile ya wafanyabiashara wa pwani: kinachosafiri ni neno, fedha zinabaki zilipo na wakubwa wanasawazishana baadaye.

Baadaye ikaja teleksi, kisha SWIFT, mtandao wa mabenki wa kutumiana maagizo ya malipo, ulioanzishwa Brussels mwaka 1973 na kuanza kubeba ujumbe mwaka 1977. Western Union, iliyoanza kutuma fedha kwa telegrafu mwaka 1871, iliacha kabisa telegramu mwaka 2006. India ikafunga yake 2013. TT haikushtuka. Hata Mchina wa vigae kwa lugha yake anaiita dianhui, na hiyo dian ni umeme, ile ile iliyomo kwenye neno lao la telegramu.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Wazee wakauita simu, neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Kupeleka simu kulikuwa kupeleka telegramu. Chombo cha kusemea kilikuja kurithi jina tu. Kwa hiyo TT kwa Kiswahili cha babu zetu ni fedha kwa simu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 tukashangilia pesa kwa simu kama kitu kipya, na jina lake lilikuwa limening'inia ukutani benki siku zote, kwenye ubao wa viwango vya kubadilishia fedha.

Ubao huo ndio unaonikera. Safu moja ya noti, nyingine ya TT, bila hata neno moja la maelezo. Kwa kawaida benki hununua dola za TT kwa bei nzuri kuliko za noti, kwa sababu noti zina gharama ya kuhesabiwa, kulindwa na kusafirishwa. Mimi niliwahi kulipwa dola kwenye akaunti, nikazitoa noti, halafu nikazirudisha dirisha lile lile kuzibadili kuwa shilingi. Nikalipwa bei ya noti. Hakuna aliyeniambia ningeziacha humo humo zikabadilishwa kwa bei ya TT. Sitaki neno lifutwe, maana limezeeka vizuri. Nataka chini yake waandike tu: dola zilizo kwenye akaunti.

Tukiwa njiani nikamweleza shemeji yote haya. Akanyamaza hadi Msimbazi.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa napeleka simu?"

Akatoa simu yake, akapiga picha risiti ya benki, akamtumia Mchina kwa WeChat. Picha ilifika papo hapo. TT yenyewe ilifika siku ya tatu.