Petard, I-27 na watu waliokuwa majini

Manowari ya Uingereza iliyoitwa Petard ina sifa ambayo meli nyingine za Vita Kuu ya Pili haziwezi kudai: ilishiriki kuzamisha nyambizi za madola yote matatu ya Mhimili, yaani Ujerumani, Italia na Japani. Kwa hiyo utumishi wake huandikwa kwa mistari mitatu: U-559, Oktoba 1942; Uarsciek, Desemba 1942; I-27, Februari 1944. Mstari wa tatu unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyojua. Msafara uliokuwa ukilindwa siku hiyo ulikuwa umetoka Kilindini, bandari ya Mombasa, na katika Khedive Ismail, meli ya msafara iliyozamishwa na nyambizi hiyo ya Kijapani, walikuwamo mamia ya askari wetu. Ndio pia mstari wenye ubishi usiokwisha, kwa sababu ili kuipata I-27, Petard ilishusha mabomu ya kina, yale mapipa ya baruti yanayolipuka chini ya maji, mahali ambapo walionusurika walikuwa bado wanaelea.

Tuanze na meli yenyewe. Iliundwa Newcastle, ikashushwa majini Machi 1941 na kuanza kazi Juni 1942. Ilikuwa distroya: nyembamba, yenye mbio, yenye mizinga, topido, mabomu ya kina na sona ya kusikilizia nyambizi. (Miaka ya 1950 ilifumuliwa na kugeuzwa kuwa frigeti ya kuwinda nyambizi, ndiyo maana baadhi ya orodha huiweka kundi hilo.) Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1942, mashariki mwa Mediterania, Petard na wenzake waliilazimisha U-559 kuibuka. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea hadi kwenye nyambizi iliyokuwa ikijaa maji, wakaingia ndani na kuanza kutoa vitabu vya siri, huku Tommy Brown, kijana wa kantini mwenye miaka 16, akivipokea. Nyambizi ikazama na wale wawili wakiwa ndani. Vitabu vilifika Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua mawasiliano ya siri, na kufikia katikati ya Desemba wachambuzi wa huko wakaanza tena kusoma mawasiliano ya nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki, baada ya miezi kumi hivi ya kutosikia kitu. Mwezi huohuo, kusini mwa Malta, Petard pamoja na manowari ya Kigiriki Vasilissa Olga wakaimaliza Uarsciek. Jina hilo ni la Warsheikh ya Somalia. Italia ya Mussolini ilipenda kuzipa nyambizi zake majina ya miji ya Afrika.

Basi Petard iliyofika Bahari ya Hindi haikuwa meli ya wanagenzi. Mabaharia wake walikuwa wameshajua nyambizi inavyojificha, inavyochoka na inavyokufa. Kilichobadilika ni nahodha: Mark Thornton, aliyeongoza mapigano yale mawili, alikuwa ameondoka, na sasa usukani ulikuwa kwa Kamanda Rupert Egan.

Bahari ya Hindi nayo ilikuwa na hadithi yake. Wajapani walipozishambulia Colombo na Trincomalee Aprili 1942, Waingereza walihamishia makao ya Kikosi cha Mashariki Kilindini. Hata kazi ya kufumbua mawasiliano ya Wajapani ilihamia Mombasa, ndani ya shule ya Allidina Visram, ambako leo watoto wanasoma hesabu bila kujua kwamba palishawahi kufanyika hesabu za namna nyingine kabisa. Kufikia mwanzo wa 1944 kikosi kilikuwa kimerudi Ceylon, Sri Lanka ya leo. Huko pia ndiko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikokuwa ikijiandaa kwa vita vya Burma. Watu na vifaa vilitakiwa kuvushwa.

Tarehe 6 Februari 1944 msafara wa KR 8 uliondoka Mombasa kwenda Colombo ukiwa na meli tano za kubeba askari: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Khedive Ismail peke yake ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Wanawake walikuwa 83, wengi wao wauguzi. Alikuwamo pia mwandishi wa vita Kenneth Gandar-Dower, yule bwana aliyewahi kuwasafirisha duma kutoka Kenya hadi Uingereza ili washindane mbio kwenye viwanja vya mbwa. Walinzi waliokuwa na msafara siku ya shambulio walikuwa watatu: kruza kongwe Hawkins, na distroya Petard na Paladin.

Adui aliyewasubiri hakuwa mgeni wa kazi hiyo. I-27 ndiyo iliyopeleka moja ya nyambizi ndogo zilizojipenyeza katika bandari ya Sydney mwaka 1942, na Juni 1943 iliipiga meli Dah Pu ikiwa imetia nanga Muscat. Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nahodha wake Toshiaki Fukumura aliurushia msafara topido nne. Mbili ziliipata Khedive Ismail. Haikumaliza zaidi ya dakika tatu hivi juu ya maji.

Petard na Paladin wakarudi mbio. Paladin ilishusha mashua na kuanza kuokota watu. Petard ikaanza kuitafuta nyambizi, na nyambizi ilikuwa imejificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Egan aliamuru mabomu ya kina yashushwe. Kwenye mkupuo wa tatu I-27 ikaibuka. Mizinga ya distroya zote mbili haikutosha kuizamisha. Paladin ilipoikaribia ikachanwa ubavu na kujeruhiwa vibaya. Mwishowe Petard ikaanza kurusha topido, moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyofika. Waliookolewa kutoka Khedive Ismail walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa walikuwa 1,297.

Wanaomtetea Egan wana hoja nzito, na haifai kuzipita kwa haraka. Kazi ya meli ya kusindikiza ni kufikisha msafara. Meli nne zilizojaa askari zilikuwa bado karibu, na nyambizi yenye topido za akiba ilikuwa hai. Paladin, iliyosimama ikiokota watu, ilikuwa shabaha ambayo hata nahodha mwanafunzi asingeikosa. Kama Fukumura angepewa muda wa kujipanga upya, huenda siku ile ingehesabu meli mbili au tatu. Kuna pia suala la saa. Jua la ikweta huzama mapema, na nyambizi ya aina ile ikishaibuka gizani ilikuwa na mbio za zaidi ya noti 20 (maili 20 za bahari kwa saa), za kutosha kuufuata msafara hadi ipate nafasi nyingine.

Upande wa pili hausemi kwamba Egan alikuwa katili. Unauliza kama hatari ilikuwa kubwa kiasi hicho katika dakika zile. Nyambizi ikiwa chini ya maji hutambaa: I-27 haikuweza kuzidi noti 8 hivi, na kwa mbio hizo betri zake zisingedumu. Meli nne zilizokuwa zikiondoka kwa nguvu zao zote zilikuwa zikiiacha nyuma kila dakika. Je, Petard isingeweza kuizunguka nyambizi, kuibana isiinue darubini yake, na kumpa mwenzake muda wa kuwatoa watu majini? Mlipuko wa chini ya maji humpiga mtu aliye majini tumboni na kifuani, hata asipokuwa karibu sana. Waliokuwa wakielea walikuwa watu waliookoka mara moja tayari, wakiiona meli ya kwao ikija.

Hoja hii ya pili ina nguvu, lakini inaegemea jambo ambalo Egan hakuwa na hakika nalo: kwamba Fukumura angekubali kubanwa. Anayezunguka juu ya nyambizi bila kushambulia anampa mwenye nyambizi nafasi ya kumsikiliza, kumpima na kuchagua wakati. Paladin ikiwa imesimama hatua chache kutoka hapo, kosa moja lingetosha kuzamisha distroya pamoja na wote waliokwisha kuokotwa. Hapo naegemea upande wa Egan, ingawa si kwa sababu ambayo watetezi wake huitanguliza.

Wao husema: tazameni, nyambizi ilikuwapo kweli na ilizamishwa. Hiyo ni kuhukumu kwa matokeo. Mkupuo wa kwanza haukuitoa, wa pili haukuitoa. Laiti wa tatu nao ungekosa na Fukumura akateleza usiku, kitendo kilekile, kilichofanywa kwa sababu zilezile, kingesimuliwa leo kama balaa. Uamuzi unapimwa kwa kile alichokijua nahodha kabla ya bomu la kwanza: meli moja imekwenda, nyingine nne zinaonekana, adui hajaonekana akiondoka. Kwa kipimo hicho uamuzi unasimama, kwa shida, lakini unasimama.

Kuna jambo jingine ambalo ubishi huu hulifunika. Ukisoma baadhi ya masimulizi utadhani mabomu ya Petard ndiyo yaliyoua msafara. Sivyo. Meli iliyozama katika dakika tatu ikiwa na watu 1,511, wengi wao wakiwa sitaha za chini, huenda na watu wake. Ngazi ni nyembamba, milango michache, na mapipa ya kuelea hayafunguliwi kwa muda huo. Sehemu kubwa ya waliokufa hawakufika majini kabisa. Kuligeuza tukio zima kuwa kesi ya Egan ni kuwasahau hao, na kumwachia mtu mwingine atoke mlango wa nyuma.

Mtu huyo, au tuseme ofisi hiyo, ndiyo iliyopanga ulinzi. Hawkins ilikuwa kruza ya enzi za vita vilivyotangulia. Mizinga yake mikubwa ingefaa dhidi ya meli ya juu, lakini haikuwa meli ya kukimbizana na nyambizi. Wawindaji wa kweli walikuwa wawili kwa meli tano. Baada ya topido kupiga, kulikuwa na kazi tatu za kufanywa kwa wakati mmoja: kuokota watu, kumshambulia adui, na kukaa na meli zinazoondoka. Wawili hawagawanyiki kwa tatu. Kwa hiyo mojawapo ingefanywa juu ya nyingine, na siku ile kushambulia kulifanywa juu ya kuokota.

Wakubwa wa Kikosi cha Mashariki wana utetezi wao pia. Meli za kusindikiza zilikuwa zikivutwa kwenda Mediterania na kwa maandalizi ya kuvuka kwenda Ufaransa. Bahari ya Hindi ilipewa masalio. Ni kweli, na inaeleza upungufu. Haielezi kwa nini upungufu huo ulipangiwa safari yenye rejimenti nzima na wauguzi kwa makumi, katika maji ambayo I-27 na wenzake walikuwa wameshazamisha meli kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ama safari ingesubiri, ama watu wangegawanywa kwa vikundi vidogo zaidi, ama angalau distroya moja zaidi ingetafutwa. Hakuna kati ya hayo kilichohitaji muujiza.

Majina ya askari wa Rejimenti ya 301 yako kwenye Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Petard iliendelea na kazi hadi vita vikaisha, na ilivunjwavunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1967. Historia ya utumishi wake bado huandikwa kwa kuhesabu nyambizi, na kwa meli ya kuwinda hesabu hiyo ingetosha. Tarehe 12 Februari 1944, hata hivyo, ilikuwa imetumwa kusindikiza, na hesabu ya msindikizaji ni meli ngapi zilifika. Zilifika nne kati ya tano. Mstari wa tatu uandikwe hivyo kwanza, ndipo I-27 ifuate.