Nikiuliza swali, nazungushiwa mikono

Ni mwaka 2015, na tangu Lowassa, waziri mkuu wa zamani, aihame CCM mwezi Julai na kuwa mgombea urais wa Chadema, chama cha upinzani, kijiwe chetu cha kahawa hakikaliki. Ukihoji jambo lolote kuhusu mgombea, unazungushiwa mikono hewani kama kocha anayetaka mchezaji atolewe, na kelele juu: "Mabadiliko!" Mjadala umeisha hapo.

Inaniudhi sana, sifichi. Ni watu hawahawa tuliosikiliza nao redio Februari 2008, ripoti ya Kamati ya Mwakyembe, kamati teule ya Bunge, kuhusu kashfa ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ikisomwa bungeni. Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu, walishangilia kuliko mimi. Miaka yote iliyofuata, kila ukitajwa ufisadi, jina lake halikuwatoka mdomoni. Leo nikiwakumbusha, naambiwa nimehongwa na CCM. Mimi, niliyempigia Dokta Slaa, mgombea urais wa Chadema, kura 2010 na kugombana na ndugu zangu kwa ajili hiyo!

Lowassa mwenyewe anasema mwenye ushahidi aende mahakamani, na ana haki ya kusema hivyo. Lakini wenzangu hawakusubiri mahakama wakati ule. Walihukumu palepale kwenye benchi, vikombe mkononi. Sasa kama walikosea, si waseme walikosea? Na kama hawakukosea, kimebadilika nini zaidi ya rangi ya shati?

Kura ni yao, wampe wamtakaye Oktoba 25. Ninachotaka ni mtu anieleze, bila kunitukana, huyu mgombea atafanya nini kuhusu umeme na hizi shule zetu, na kwa fedha ipi. Nauliza kila jioni. Hakuna anayejibu.