Kurasimisha, shemeji yake, na choo changu

Kuna vitenzi vya Kiswahili ambavyo mtu akikutamkia unajua mwili wako unatakiwa ufanye nini. Kula. Kulala. Kukimbia. Halafu kuna kurasimisha. Hilo ukilisikia, shika mfuko.

Mimi lilinikuta nimekaa kibarazani. Gari likapita na kipaza sauti: "Wananchi wote, Jumamosi saa nne, mkutano wa urasimishaji!" Mama watoto akatoa kichwa dirishani. "Hiyo chanjo ya nini tena?" Nikamwambia nadhani ya mbuzi, sisi haituhusu.

Ilituhusu. Mkutanoni akasimama kijana amechomekea shati, akatueleza kwa upole kabisa kwamba makazi yetu yapo, ila hayapo rasmi mpaka yapimwe na yapate hati. Nimehamia hapa mwaka 1996. Watoto wanne nimewazalia hapa. Mwizi aliyeniibia redio hakupotea njia. Bwana wa kukata umeme hajawahi kupotea njia hata siku moja. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa sipo!

Fikra yenyewe si ya jana. Mwaka 2004, enzi za Mzee Mkapa, ndipo tuliposikia MKURABITA, yaani Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania. Nyuma yake kulikuwa na mawazo ya mchumi mmoja wa Peru, Hernando de Soto, anayesema maskini ana mali tele ila ni mtaji mfu, kwa kuwa haina karatasi. Sina ugomvi na Mperu huyo, na hapo ana hoja. Nyumba yenye hati benki inaisikiliza. Nyumba yangu ina karatasi ya mauziano iliyokatwa kwenye daftari la shule, mashahidi ni balozi wa nyumba kumi na muuza kahawa aliyekuwa anapita. Karatasi hiyo wa kuisikiliza ni balozi tu, na siku hizi hasikii vizuri. Lakini hilo neno "mfu" lilinichoma. Usiku nilitazama dari nikajiambia, ndugu yangu, wewe unalala ndani ya maiti.

Kosa langu ni kwamba sikuuliza ukoo wa neno kabla ya kuweka sahihi. Rasmi, rasimu, kurasimisha na urasimu ni watoto wa tumbo moja, wametoka Uarabuni kwenye neno la kuchora. Kwa hiyo unapomwoa kurasimisha, anahamia kwako na kaka yake, urasimu. Na shemeji huyo ndiye anayekalia kochi.

Tukachanga. Wapimaji wakaja na darubini yao ya miguu mitatu, watoto wa mtaa mzima wakawafuata kama ngoma. Zikafukiwa bikoni, zile alama za mpaka. Hapo nilidhani kazi imeisha, maana nilishatoa soda. Kumbe kuna barua ya utambulisho ya mtaa, inayotaka kitambulisho cha taifa, kinachotaka kufanana na karatasi ya mauziano, na vyenyewe havifanani, kwa sababu jina la marehemu baba kwenye kimoja lina L na kwenye kingine lina R. Mama yangu mwenyewe alikuwa akiita vyote viwili, kutegemea na hasira.

Kijana wa dirisha la pili ofisini akazitazama zote mbili. "Mzee, hapa nyie ni watu wawili."

Nilitaka kumuuliza, kama tuko wawili, mbona kupanga foleni tangu saa kumi na mbili nimepanga peke yangu? Nikameza. Nikaenda kwa wakili kuapa kwamba mimi ni mimi. Kuapa kuna bei yake.

Nikamlalamikia mpwa wangu anayesoma hesabu chuoni, nikitegemea pole. Akanicheka. "Mjomba, hata hesabu zilirasimishwa." Akanisimulia kwamba waliwahi kukaa Waingereza wawili, Bertrand Russell na mwenzake Whitehead, wakataka hesabu nzima isimame juu ya kanuni zilizoandikwa, hakuna kusema "si inajulikana". Juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1910, na kurasa zikapita mia tatu kabla hawajafika mahali pa kuonyesha kwamba moja na moja ni mbili. Nikamwambia hao wangefaa sana lile dirisha la pili.

Halafu, anasema mpwa, mwaka 1931 kijana mmoja wa Vienna, Kurt Gödel, akathibitisha kwamba mfumo wa namna hiyo, mradi haujipingi wenyewe, lazima uache nje ukweli fulani ambao kwa kanuni zake hauwezi kuuthibitisha.

Wallahi sikuhitaji afafanue. Mpaka wangu na jirani ni mwarobaini. Mtaa mzima unajua. Mbuzi wanajua, kila mmoja anafungwa upande wake. Lakini kwenye fomu hakuna kisanduku cha mwarobaini.

Nyumbani nako hakukaliki. Mama watoto na wenzake walikuwa wanacheza mchezo, wanawake kumi, kila Jumamosi elfu kumi, leo mimi kesho wewe, hakuna aliyeandika hata mstari na hakuna aliyedhulumiwa. Wakataka kukua wawe kikundi cha kukopeshana. Wakaambiwa kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wajisajili. Sasa wana katiba, na mke wangu ndiye mhazini. Juzi nimemwomba elfu tano ya nauli, akanitazama juu ya miwani. Miwani yenyewe amenunua baada ya kuchaguliwa. "Baba, andika maombi, kikao kitakaa." Nilikwenda kwa miguu.

Haya, wiki iliyopita rasimu ya ramani ikabandikwa ukutani tukaikague. Nimekuta kiwanja changu, kina namba, nikafurahi, nikakipiga picha. Nikaangalia tena. Mstari uliotakiwa kuuzunguka mwarobaini umepita umenyooka kama uzi wa fundi, na choo changu, nilichochimba kwa mikono yangu mwaka wa mvua za El Niño, kimeangukia kwa jirani.

"Mstari ni mstari, mzee. Kama una pingamizi, lete kwa maandishi."

Jirani yangu ni mtu mwema. Miaka ishirini na kitu tunaazimana chumvi, jembe, hata kanzu. Lakini tangu ameiona ramani ile amebadilika kidogo. Juzi nimemkuta anakipaka choo chokaa. Jana ameweka kufuli, anasema ni kwa ajili ya usalama wa mali.

Usiku wa kuamkia leo maharage ya mama ntilie yakanigeuka. Saa nane nimesimama mlangoni kwa jirani na kopo langu la maji, nagonga. Akatoka na tochi, akanimulika kuanzia miguuni kupanda juu.

"Jirani, maombi umeandika?"

"Nimeandika."

"Nakala ngapi?"

Tumbo likajibu kabla yangu.