Karani wa Sensa Asiye na Kishikwambi

Watu wengi hudhani kwamba usomaji wa kuigiza ni kazi nyepesi kuliko uigizaji wenyewe, kwa kuwa mwanafunzi hakariri chochote, havai maleba wala hazunguki jukwaani. Anakaa kitini, anashika karatasi, anasoma. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata wilayani Muheza, na nasema bila kusita kwamba ningepewa nafasi ya kuchagua kati ya kuandaa igizo kamili lenye ngoma na moto, na kuwakalisha wanafunzi wasome tamthilia mbele ya wazazi wao, ningechagua ngoma na moto. Moto wenyewe, hata hivyo, ulikuja bila kualikwa.

Ilikuwa mwaka 2022, wiki chache kabla ya Sensa ya Watu na Makazi iliyopangwa kufanyika tarehe 23 Agosti. Gari la matangazo lilipita kijijini mara kwa mara likituhimiza tujiandae kuhesabiwa, redio ilisema hivyo hivyo, na mwenyekiti wetu wa kitongoji alifikia hatua ya kutokuitikia salamu kabla hajakuuliza nyumbani kwako mko wangapi. Mkuu wa shule, ambaye hupenda kila jambo liendane na wakati, akaamua kwamba kikao cha wazazi kipambwe kwa usomaji wa vipande vya tamthilia ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Kwa asiyeifahamu, ni habari za karani wa sensa anayefika kijijini kuhesabu watu, akampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, kazi ya serikali ikawekwa kando, na hatimaye baba mtu kwa hasira akazitia moto karatasi za sensa. Mkuu alisema kwamba wazazi watajifunza umuhimu wa kutoa takwimu sahihi. Sikuona sababu ya kumkumbusha kwamba katika tamthilia hiyo takwimu ndizo za kwanza kuungua.

Vitabu vya shule vilikuwa vichache, na vingi vilikuwa vimepoteza kurasa, hivyo nikachagua vipande, nikavitolea fotokopi kwa fedha yangu, na kila msomaji akapewa karatasi zake na onyo kwamba hakuna nyingine. Katikati ya vipande niliweka maelezo mafupi niliyoyaandika mwenyewe ili hadithi isikatike, nayo nikamkabidhi msichana mmoja mtulivu awe msimulizi. Utulivu wake nitaurudia baadaye, kwa sababu sijapata kuona wa aina ile kwa mtu mwingine.

Shida ya kwanza ilikuwa mabano. Kijana niliyempa nafasi ya Mitomingi alikuwa na sauti nzito iliyoanza kumtoka mwaka ule ule, na alisoma kila kitu kilichopigwa chapa mbele yake, pamoja na maelekezo ya mwigizaji. Akikuta kwamba mzee anakohoa, alisoma "anakohoa" bila kukohoa. Akikuta "kwa hasira", aliyatamka maneno hayo kwa sauti ile ile anayoitikia "nipo" asubuhi ninapoita majina. Nilipomweleza kwamba ya kwenye mabano hutendwa na hayasomwi, akahamia upande wa pili kabisa, akaanza kuruka mistari na kuongeza ya kwake, hata siku moja Mazoea akakaripiwa kwa maneno ambayo hayamo katika tamthilia yoyote niliyowahi kuisoma, ila yamo, kama nilivyokuja kuelezwa, nyumbani kwao. Hapo ndipo nilipoandika ubaoni amri ambayo kila msomaji aliinakili juu ya karatasi yake: "Soma kilichoandikwa mbele yako. Usiongeze, usipunguze."

Niliwafundisha pia kushika karatasi usawa wa kifua ili uso usifichike, kufuatisha mstari kwa kidole gumba, kuinua macho mwishoni mwa sentensi, na kuvuta pumzi penye mkato. Mazoea alilishika hili la mkato kwa bidii kupita wenzake, akawa anahema kama binti aliyepanda milima ya Amani kwa kukimbia. Nikamwacha, kwa sababu mtu aliye katika mapenzi anaweza kuhema.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa Ngoswe mwenyewe. Alikuwa mvulana mwenye adabu nyingi na sauti moja tu. Maswali yote ya karani aliyasoma kama mtu anayehesabu magunia, bila swali kupanda mwishoni. Nikamwambia maneno ambayo hadi leo nayatetea mbele ya mtu yeyote: "Karani hasomi, karani anauliza. Nenda nyumbani ukawaulize watu, usikie swali linavyosikika likiulizwa mtu wa kweli."

Akaenda. Jioni ile ile, akiwa na shati jeupe la shule lililopigwa pasi, penseli sikioni na karatasi zake ndani ya faili, alianza kwa bibi yake, akavuka kwa jirani, kisha akaendelea nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemwomba kitambulisho. Watu waliotangaziwa majuma kadhaa wajiandae kuhesabiwa walikuwa wamejiandaa. Mama mmoja alimtolea kiti na kikombe cha chai, akamtajia watoto wake wote pamoja na tarehe za chanjo. Mzee mwingine alitaka ng'ombe wake nao waandikwe kwa majina. Kijana wangu, kwa adabu yake, aliona ni aibu mtu mzima akuambie mambo yake nawe umkodolee macho, kwa hiyo akawa anayaandika majibu kwa penseli kwenye fotokopi ya tamthilia, juu na pembeni ya mistari ya Mitomingi, kwa kuwa hapo ndipo majibu yanapokaa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee mmoja mkulima wa machungwa, mjumbe wa bodi yetu ya shule, mtu anayeheshimika na msikilizaji mkubwa wa redio. Yeye peke yake ndiye aliyeshtuka.

"Mjukuu wangu, makarani wa safari hii wanatumia vishikwambi. Wewe mbona una karatasi?"

"Mimi ni wa mazoezi, babu."

Lilikuwa jibu la kweli kabisa. Mzee akaelewa kwamba ndiye karani aliye mafunzoni, akamwonea huruma, akamsogezea kigoda. Akamwambia kwamba wenzake watampa kaya nyepesi nyepesi, lakini yeye atampa mfano mgumu ili siku ya kazi asibabaike. Kisha akateremsha sauti, akatazama kulia na kushoto, akampa kaya yake mwenyewe ilivyo.

Siku ya kikao, wazazi walikaa chini ya mwembe, diwani akiwa mbele kwenye kiti cha sofa kilichotolewa ofisini, na hatua chache nyuma ya wasomaji sufuria la pilau lilikuwa likichemka juu ya mafiga. Mitomingi alifika mikono mitupu. Karatasi zake, alinieleza kwa unyonge, zilikuwa zimekwenda sokoni na vitumbua vya mama yake, na kufikia saa ile zilikuwa zimetapakaa mji mzima wa Muheza zikiwa na mafuta. Diwani alikuwa ameshaangalia saa yake. Nikamsogeza Mitomingi karibu na Ngoswe, nikawaamuru wasome kwa karatasi moja, nikamnong'oneza akumbuke amri yetu.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko mazoezi yoyote tuliyoyafanya. Mazoea alihema mahali pake, na wazazi walitulia. Kisha Ngoswe akauliza swali la watu wa kaya, na swali likapanda mwishoni kwa uzuri ulionifanya nimtupie jicho mkuu wa shule kuhakikisha kwamba amesikia. Mitomingi akainamia karatasi. Kwa mahali nilipokaa niliona kidole gumba chake kikitafuta mstari, kikasita, kikapanda juu kidogo penye mwandiko wa penseli. Akainua uso na kusoma kwa ile sauti yake nzito:

"Wake watatu. Wawili wako hapa. Wa tatu yuko Korogwe. Mke mkubwa hajui."

Wazazi wakaangua kicheko, na diwani akapiga goti lake kwa kiganja. Mimi nilidhani kijana amerudia tabia yake ya kuongeza maneno, nikamkunjia uso. Naye alipoona nimekunja uso akadhani anapunguza, kwa hiyo akazidi kufuata amri.

"Shamba la machungwa, ekari nane. Serikali ya kijiji inajua tatu."

Kicheko cha pili kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza, na shingo zikaanza kugeuka kuelekea upande wa wajumbe wa bodi. Katika mstari wa mbele wa akina mama, mke mkubwa wa mzee alifungua pindo la khanga yake, akalifunga upya polepole, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei:

"Korogwe sehemu gani, mwanangu?"

Nilipaswa kuingilia kati, lakini kijana alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alikuwa amefundishwa kumheshimu mkubwa anapouliza, na jibu lilikuwepo pembeni mwa ukurasa. Akaigeuza karatasi wima, akasoma:

"Nyuma ya stendi, mama. Nyumba ya bati jekundu."

Mzee alinyanyuka. Sikujua kwamba mtu wa umri wake anaweza kuruka benchi. Alizipokonya karatasi mikononi mwa wavulana wale wawili, akaenda nazo moja kwa moja hadi kwenye mafiga, akazisukumiza chini ya sufuria kwa ncha ya bakora. Mwandiko wote wa penseli, pamoja na chanjo na majina ya ng'ombe, ukawaka mara moja, na moto ukapanda kiasi cha kuchemsha pilau likafurika.

Makofi yaliyopigwa hapo sijayasikia tena shuleni kwetu. Wazazi waliowahi kuisoma tamthilia hiyo wakiwa wanafunzi waliwaeleza majirani zao kwamba hivyo ndivyo inavyokwisha, na kwamba kumtumia mjumbe wa bodi badala ya mwanafunzi ni ubunifu mkubwa. Diwani alisimama kupiga makofi. Msimulizi wangu, ambaye hakuwa ameinua macho yake hata mara moja tangu alipoanza, alifika kwenye maelezo yake ya mwisho, akatangaza kwa utulivu kwamba mzee, akiwa amejaa hasira, anazitia moto karatasi za sensa. Mitomingi peke yake ndiye aliyebaki na malalamiko. Alinijia akiwa karibu kulia, mikono imefunguka.

"Mwalimu, zile karatasi nilitakiwa kuzichoma mimi!"

Mkuu wa shule alifunga kikao kwa hotuba ndefu ya kwamba Sheria ya Takwimu inamlazimu karani kutunza siri za watu, na kwamba wazazi wasiogope kutoa taarifa. Nilitazama upande wa wazazi nikaona kwamba hotuba haikumpata mtu. Mke mkubwa alikula pilau lake lote, akanawa mikono, akamshukuru mpishi, kisha akauliza basi la Korogwe linapita saa ngapi.

Haya yaliyobaki alinisimulia mzee mwenyewe mwaka uliofuata, alipokuwa ameanza tena kunisalimia. Tulikuwa ofisini, nami nikichezea kishikwambi changu, maana vile vya sensa baadaye viligawiwa walimu. Alisema kwamba kilichomuuma kuliko vyote ni kugundua kuwa karani halisi hakuwa na haja ya kujua habari za Korogwe. Sensa humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, kwa hiyo yule wa tatu angehesabiwa kwenye kaya yake huko aliko, bila mumewe kufungua mdomo. Mzee alikuwa amelijibu swali ambalo tarehe 23 Agosti hakuna ambaye angemuuliza.

Karani alifika kwake asubuhi, akiwa na kishikwambi na kizibao, akauliza ni nani waliolala katika nyumba hiyo usiku ule. Mzee akajitaja. Karani akasubiri, kisha akauliza tena, akidhani mzee amesahau wengine. Hakusahau. Mke mkubwa alikuwa amekwenda nyumba ya bati jekundu kumfahamu mwenzake, akakaa, na baada ya siku chache akamwita na yule wa pili. Serikali ilipokuja kutangaza kwamba Watanzania ni 61,741,120, nilijua kwa hakika kwamba watatu kati yao walihesabiwa Korogwe, nyuma ya stendi, kaya moja.